Haki ya Kuwazuia Wengine: Marekani na Mataifa Matatu ya Visiwa vya Mikronesia

Ikisiri

Makala haya yanachunguza uhusiano wa kidiplomasia kati ya Marekani na mataifa matatu madogo ya Bahari ya Pasifiki: Visiwa vya Marshall, Shirikisho la Mikronesia na Palau. Uhusiano huo unaongozwa na Mkataba wa Ushirika Huru, ulioanza kutumika mwaka 1986 kwa mataifa mawili ya kwanza na mwaka 1994 kwa Palau. Hoja inayotetewa ni kwamba bidhaa kuu ambayo visiwa hivi huiuzia dola kubwa ni haki ya kuwazuia wengine. Ardhi na kura ni vya ziada. Bei ya haki hiyo hupanda pale tu anapotokea mwingine anayebisha hodi. Kwa kuwa fedha za mkataba zina tarehe ya mwisho ilhali haki iliyouzwa haina, au ina mwisho wa mbali sana, upande mdogo hulazimika kurudi mezani kila baada ya miaka ishirini ukiwa umekwisha kukabidhi kile ulichokuwa nacho.

Udhamini wa aina mbili

Msomaji wa Afrika Mashariki ataufahamu uhusiano huu kwa wepesi akianzia nyumbani. Tanganyika na visiwa vya Mikronesia vilipita katika mikono ya mkoloni mmoja. Ujerumani ilijitwalia Visiwa vya Marshall mwaka 1885, mwaka uleule ilipoanza kudai bara la Tanganyika, na mwaka 1899 ikanunua kutoka Uhispania visiwa vya Caroline, Palau na Mariana Kaskazini. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia makoloni hayo yaligawiwa washindi. Tanganyika ikawekwa chini ya Uingereza na Mikronesia chini ya Japani, zote mbili kwa jina la dhamana ya kimataifa. Baada ya vita vya pili Umoja wa Mataifa ulirithi mpango huo na kuziweka nchi kumi na moja chini ya udhamini. Miongoni mwake zilikuwamo Tanganyika, Ruanda-Urundi na Somalia.

Kumi kati ya nchi hizo zilisimamiwa kupitia Baraza la Udhamini kwa niaba ya Baraza Kuu. Moja tu, yaani visiwa vya Pasifiki vilivyokabidhiwa Marekani mwaka 1947, ilipewa hadhi ya udhamini wa kimkakati, na neno la mwisho juu yake likawa la Baraza la Usalama, ambamo Marekani ina kura ya turufu. Msimamizi aliruhusiwa kujenga ngome na vituo vya kijeshi, na pia kuyafunga maeneo fulani kwa sababu za usalama. Katika sheria tofauti hiyo ni vifungu vichache tu. Katika maisha ya watu ilikuwa kubwa mno. Mwezi Machi 1955 Mwalimu Julius Nyerere alisimama mbele ya Baraza la Udhamini, New York, kuwasemea Watanganyika, na miaka sita baadaye nchi ilikuwa huru. Wamarshall nao walikuwa wamekwisha kufika mbele ya baraza hilohilo kwa maandishi, mwezi Aprili 1954. Ombi lao halikuwa uhuru. Waliomba mabomu yasilipuliwe tena katika visiwa vyao, na kama ilikuwa lazima yalipuliwe, basi tahadhari zote zichukuliwe kwanza.

Wiki chache kabla ya ombi hilo, tarehe 1 Machi 1954, Marekani ilikuwa imelipua katika Bikini bomu la haidrojeni lenye nguvu ya megatoni 15, takribani mara elfu moja ya lile la Hiroshima. Majivu yenye mionzi yaliwaangukia watu wa Rongelap na Utirik, ambao hawakuwa wamehamishwa. Wakazi 167 wa Bikini wenyewe walikuwa wameondolewa mwaka 1946 kwa ahadi kwamba ni kwa muda. Baraza la Udhamini lililipokea ombi la Wamarshall, likahimiza tahadhari, lakini halikuyasitisha majaribio. Hadi yalipokoma mwaka 1958 yalikuwa yamefika 67, katika Bikini na Enewetak. Kwa hiyo, mazungumzo juu ya mustakabali wa visiwa yalipoanza mwaka 1969, upande mmoja wa meza ulikuwa na deni ambalo kiasi chake hakikujulikana, na upande wa pili ulikuwa bado haujapata hadhi ya dola ya kulidai.

Kilichouzwa na kilicholipwa

Mkataba wa Ushirika Huru una umbo ambalo si rahisi kulipata kwingineko. Mataifa haya ni dola kamili. Visiwa vya Marshall na Shirikisho la Mikronesia viliingia Umoja wa Mataifa mwaka 1991, na Palau mwaka 1994. Vina katiba, mabunge na balozi zake, navyo huendesha sera ya nje vyenyewe. Hata hivyo ulinzi wote umekabidhiwa Marekani, na pamoja nao mamlaka ya kuyazuia majeshi ya nchi nyingine yoyote kuingia au kuweka kituo katika ardhi, maji na anga ya visiwa. Ramani inaeleza thamani ya mamlaka hayo vizuri kuliko maneno. Nchi kavu ya mataifa yote matatu ikijumlishwa ni karibu nusu ya eneo la Zanzibar yenye visiwa vyake viwili vikuu, bali ukanda wa kiuchumi wa bahari wa Shirikisho la Mikronesia pekee ni karibu kilomita za mraba milioni tatu, na wa Visiwa vya Marshall karibu milioni mbili. Anayeshika haki ya kuwazuia wengine humo ameshika njia ya kati ya Hawaii, Guam na Ufilipino.

Malipo yalikuja kwa sura tatu. Ya kwanza ni ruzuku ya bajeti, pamoja na huduma ambazo serikali ndogo haiwezi kuzimudu, kama vile posta na utabiri wa hali ya hewa. Ya pili ni ruhusa ya raia wa visiwa kuingia, kuishi, kusoma na kufanya kazi Marekani bila viza. Wanaruhusiwa hata kujiunga na majeshi yake, nao hujiunga kwa wingi. Ya tatu, kwa Wamarshall, ni fidia ya nyuklia: mfuko wa dola milioni 150 ulioanzishwa na mkataba wa nyongeza, ambao kwa upande wa pili ulitamka kwamba madai yote, ya wakati uliopita, uliopo na ujao, yamemalizika.

Sura hiyo ya tatu inastahili kutazamwa kwa ukaribu, maana ndiyo inayoonyesha hatari ya kuuza kwa jumla kitu ambacho hakijapimwa. Baraza la Madai ya Nyuklia lililoundwa chini ya mkataba lilisikiliza mashauri ya visiwa vilivyoathirika, likatoa tuzo zilizozidi dola bilioni mbili, kisha likabaki bila fedha za kuzilipa. Mkataba ulikuwa na mlango mmoja wa pembeni, nao ni kwamba Visiwa vya Marshall vingeweza kuliomba Bunge la Marekani lifikirie upya iwapo mazingira yamebadilika. Ombi liliwasilishwa mwaka 2000. Mwanzoni mwa mwaka 2005 serikali ya Marekani ilijibu kwamba vigezo havijatimizwa, na mwaka 2010 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilikataa kuzisikiliza rufaa za watu wa Bikini na Enewetak. Mwaka 2014 Visiwa vya Marshall viligeukia Mahakama ya Kimataifa ya Haki, si kudai fidia, bali kudai kwamba madola yenye silaha za nyuklia yatimize wajibu wa kujadiliana juu ya kuziondoa. Mashauri matatu yaliyofika mbele ya majaji, dhidi ya Uingereza, India na Pakistan, yaliangushwa mwaka 2016 kwa hoja ya mamlaka. Lile la Uingereza lilikwama kwa kura nane kwa nane na kuamuliwa kwa kura ya rais wa mahakama. Huo haukuwa mwenendo wa kibaraka. Ila ulikuwa mwenendo wa mtu ambaye mlango wa mbele amekwisha kufungiwa, na kwa saini yake mwenyewe.

Palau ilichukua njia nyingine, nayo ikakawia. Katiba yake iliyotungwa mwaka 1979 ilipiga marufuku silaha za nyuklia nchini isipokuwa kwa idhini ya robo tatu ya wapiga kura. Kwa kuwa Marekani haikukubali kufungwa mikono na sharti hilo, mkataba ulirudishwa kwa wananchi mara kadhaa, na kila mara ukapata wingi wa kura bila kuzifikia robo tatu. Ilikuwa miaka migumu. Rais wa kwanza wa nchi, Haruo Remeliik, aliuawa kwa risasi mwaka 1985. Hatimaye mwaka 1992 katiba ilirekebishwa ili wingi wa kawaida utoshe kwa mkataba huo, na mwaka 1993 ukapita kwa karibu asilimia 68. Mara nyingi Palau hutajwa kama nchi iliyochelewa. Tathmini ya haki zaidi ni kwamba ilikuwa nchi pekee kati ya tatu ambayo sheria yake ya ndani iliweza kuifanya dola kubwa isubiri miaka zaidi ya kumi.

Bei hupanda mwingine abishapo hodi

Tabia ya soko hili ilionekana mapema, nje kidogo ya mipaka ya mkataba. Katika miaka ya themanini Marekani haikuyatambua mamlaka ya mataifa ya pwani juu ya jodari, kwa hoja kwamba ni samaki anayehamahama. Mwaka 1984 Visiwa vya Solomon viliikamata meli ya Kimarekani ya jodari, Jeannette Diana, na Marekani ikajibu kwa kuzuia samaki wa Solomon wasiingie katika soko lake. Mwaka uliofuata Kiribati ikaingia mkataba wa uvuvi na Muungano wa Kisovieti. Thamani yake haikuwa kubwa, lakini mwaka 1987 Marekani ilikuwa imekwisha kutia saini mkataba wa jodari na mataifa ya visiwa vya Pasifiki na kukubali kulipia kile ilichokuwa ikikivua bure. Sheria ya bahari haikuwa imebadilika katika miaka hiyo mitatu. Kilichobadilika ni orodha ya wateja.

Vita Baridi vilipokwisha hapakuwa na mteja wa pili, na matokeo yake yaliwafikia watu wa kawaida. Mwaka 1996 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kupunguza misaada ya ustawi wa jamii, na kwa maneno machache ya sheria hiyo raia wa visiwa waliohamia Marekani wakapoteza haki ya bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Mkataba haukujadiliwa upya, wala hapakuwa na mkutano wa mabalozi. Haki hiyo ilirudishwa mwezi Desemba 2020, baada ya karibu robo karne, na katika muda huo watu waliougua maradhi ambayo chanzo chake kinajadiliwa hadi leo walikuwa wakitibiwa kwa hisani ya majimbo yaliyowapokea. Palau nayo ilitia saini mwaka 2010 makubaliano ya kuongeza muda wa fedha zake. Marekani iliyatimiza kwa ukamilifu mwaka 2018 tu. Mshauri wa sera anayesoma mikataba ya namna hii afuatilie pia ratiba ya kamati za bajeti, kwa sababu saini ya waziri wa mambo ya nje huweza kungoja huko miaka minane.

Mteja wa pili alirejea polepole. Shirikisho la Mikronesia linaitambua Jamhuri ya Watu wa China tangu 1989, ilhali Palau na Visiwa vya Marshall vinaitambua Taiwan. Kwa Palau uchaguzi huo ulikuja na gharama. Watalii kutoka China walikuwa wamefikia zaidi ya nusu ya wageni wake wote mwaka 2015, na mwishoni mwa mwaka 2017 makampuni ya utalii ya China yakazuiwa kupeleka makundi huko. Mwezi Aprili 2022 Visiwa vya Solomon vilitia saini mkataba wa usalama na China. Mwezi uliotangulia Marekani ilikuwa imemteua mjumbe maalumu wa rais kwa mazungumzo ya Mkataba wa Ushirika Huru, ambayo hadi hapo yalikuwa yamedorora. Mwezi Septemba mwaka huohuo Visiwa vya Marshall viliahirisha duru ya mazungumzo kwa sababu suala la nyuklia halikuwa limejibiwa, jambo ambalo lingekuwa gumu kulifikiria miaka kumi nyuma.

Makubaliano mapya yalitiwa saini mwaka 2023: Palau na Shirikisho la Mikronesia mwezi Mei, Visiwa vya Marshall mwezi Oktoba. Yaliahidi takribani dola bilioni 7.1 kwa miaka ishirini. Kati yake dola bilioni 3.3 ni za Mikronesia, bilioni 2.3 za Marshall na milioni 889 za Palau. Nyingine ni gharama za posta. Katika fungu la Marshall zimo dola milioni 700 za mfuko unaogusa visiwa vilivyoathirika, ingawa Marekani haijaachana na msimamo kwamba madai yalimalizika mwaka 1986. Kisha fedha zikakwama tena. Muda wa mkataba wa awali ulikwisha tarehe 30 Septemba 2023, na mwezi Februari 2024 marais watatu waliandika kwa pamoja kuwaonya viongozi wa Seneti kwamba kuchelewa huko kunawafungulia wapinzani mlango. Sheria ilitiwa saini mwezi Machi. Tahadhari inahitajika hapa kwa anayetaka kuliona hilo kama ushindi wa ujasiri. Barua ilifaa kwa sababu ilizungumza kwa lugha ya hofu ya Washington, na mwenye hofu ndiye anayechagua lini aache kuogopa.

Saa mbili ukutani

Kiini cha ukosefu wa usawa katika uhusiano huu kimo katika muda, na hujificha katika nyaraka ndogo zinazoambatana na mkataba mkuu. Ruzuku hutolewa kwa vipindi: 1986, 2004, 2024. Haki ya kuwazuia wengine haifuati saa hiyo. Kwa Visiwa vya Marshall na Mikronesia inaendelea hadi pande zote mbili zikubaliane kuikomesha. Kwa Palau iliwekwa kwa miaka hamsini tangu 1994. Upangishaji wa Kwajalein, ambako Marekani hufuatilia makombora yanayorushwa kutoka California, unafika mwaka 2066 na unaweza kuongezwa hadi 2086. Wafanyakazi wa kituo hicho wengi huishi Ebeye, kisiwa kisichofika nusu kilomita ya mraba chenye maelfu ya wakazi, na huvuka kila siku kwa kivuko.

Ulinganisho na Unguja unasaidia kulipima jambo hili. Mwaka 1960 Marekani ilijenga Tunguu kituo cha kufuatilia vyombo vya angani vya mradi wa Mercury, na mwaka 1964 Serikali ya Mapinduzi ikataka kiondolewe, kikaondolewa. Zanzibar haikuwa na nguvu kuliko Majuro ya leo. Ila kituo cha Tunguu hakikuwa kimefungamanishwa na bajeti ya shule, hospitali na posta, wala na haki ya jamaa za watu kuishi ng'ambo. Huko Mikronesia vyote hivyo vimesukwa katika kamba moja, na kuikata kamba ni kuviangusha vyote.

Gharama nyingine hulipwa katika majukwaa ya dunia. Tarehe 21 Desemba 2017 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipopiga kura juu ya hadhi ya Jerusalem, nchi tisa tu zilipinga azimio, na mataifa haya matatu yalikuwa miongoni mwake. Hata hivyo ni kosa kuyahesabu kama kura za Marekani tu. Miaka miwili nyuma, Paris, waziri wa mambo ya nje wa Marshall, Tony deBrum, aliongoza muungano wa nchi zilizosukuma shabaha ya nyuzijoto 1.5 iingie katika makubaliano ya tabianchi. Na katika uvuvi, mataifa yote matatu yamo katika kundi la nchi nane za Mkataba wa Nauru wa 1982, ambazo huuza kwa pamoja siku za kuvua badala ya kila moja kujadiliana peke yake na wenye meli. Mapato yao yamepanda mara kadhaa tangu mpango huo uanze. Inafaa kuzingatiwa kwamba mafanikio hayo yalipatikana katika bidhaa ambayo visiwa havikuwa vimeiuza kwa jumla. Siku ya kuvua huuzwa mwaka huu, na mwakani huuzwa tena.

Kwa nchi za ukanda wa magharibi wa Bahari ya Hindi, ambako Komoro, Shelisheli, Kenya na Tanzania hufikiwa na wajumbe wa madola kadhaa kwa wakati mmoja, swali la kiufundi linalotokana na uzoefu huu ni la tarehe. Kila haki inayotolewa kwa mgeni ina muda wake, na kila malipo yana wake. Muda wa kwanza ukizidi wa pili, tofauti hiyo ndiyo bei halisi ya mkataba, hata kama haikuandikwa popote katika tarakimu.

Fungu la sasa la fedha za Mikronesia na Marshall linafika mwaka 2043. Sensa ya Visiwa vya Marshall ya mwaka 2011 ilihesabu watu 53,158. Ile ya mwaka 2021 ilihesabu 42,418. Waliopungua hawakufa kwa vita wala kwa tauni. Wametumia ile sura ya pili ya malipo: wamepanda ndege kwenda Hawaii, Oregon na Arkansas, ambako mjini Springdale wengi wao hufanya kazi katika viwanda vya kuku. Duru ijayo ya mazungumzo itakapofunguliwa, ujumbe wa Majuro utawawakilisha pia watu hao, ambao wengi wa watoto wao watakuwa wapiga kura wa upande wa pili wa meza.